Lugha ya Mikono Nyumbani kwa Bibi

Juzi alikuja kwangu binti mmoja wa chuo kikuu, anafanya utafiti wa jinsi watoto viziwi wanavyopata lugha. Mjini Bariadi walikuwa wamemwambia kwamba mimi nimekulia katika nyumba iliyozungumza kwa mikono. Alikataa chai mara ya kwanza kwa adabu, akakubali mara ya pili, kisha akaniuliza nani alimfundisha shangazi yangu alama zake. Nikamjibu kwamba hakufundishwa na mtu. Na yule mtoto kiziwi wa jirani aliyeambiwa habari zake, akauliza, yeye alifundishwa na nani? Hapo nilimmiminia chai nyingine. Jibu lake ni refu, na yeye alikuwa na watu wengine wa kuwaona. Basi nakusimulia wewe, maana najua huna haraka.

Nasema habari za miaka ya vijiji vya Ujamaa, Simiyu haijawa mkoa. Kabla ya hapo tuliishi kama Wasukuma wengi walivyoishi, kila kaya na uzio wake wa minyaa, zizi lake, mashamba yake, na jirani yako ni moshi unaouona kwa mbali. Kisha likaja agizo la kuhamia kijijini. Tukapangwa kwa mistari, nyumba ikitazamana na nyumba, na kwenye nguzo katikati ikaning'inizwa rimu ya lori iliyogongwa alfajiri kuwaita watu shamba la kijiji. Bibi aliichukia rimu ile. Alisema imemfanya aamke kama mtumishi wa mtu.

Shangazi haikumsumbua, kwa sababu hakuisikia. Alikuwa dada wa baba, sengi wetu, kiziwi tangu kuzaliwa. Wakati ule watu walisema bubu, na ukilitamka neno hilo mbele ya Bibi ulirudishwa hukohuko ulikotoka. Bibi alikuwa amezungumza naye kwa mikono tangu akiwa mtoto wa kubebwa, na baba alichunga naye ng'ombe akazizoea alama zake, kwa hiyo sisi wajukuu tulizaliwa tukazikuta. Kidole kikizunguka kifundo cha mkono, huyo ni Bibi, kwa ajili ya bangili zake za shaba. Kiganja kikikinga paji la uso, huyo ni mwenyekiti wa kijiji, ambaye kofia hakuivua hata kivulini. Mimi nilikuwa kubana ncha ya sikio, maana langu moja lilichanika nikiwa mdogo. Sikumbuki nilijifunza lini. Nakumbuka kwamba nyumbani kwetu hata kusengenya tulisengenya kimya, na wageni wakatuona watu wa heshima sana.

Nyumba iliyotutazama alihamia mama mmoja mjane na binti yake. Binti alikuwa mdogo kwangu kidogo, na naye alikuwa kiziwi. Nakwambia, Shangazi alipomwona mtoto yule anapigwa kofi la bega ili ageuke, aliacha kutwanga, mchi ukiwa juu. Alikuwa mtu mzima, na kiziwi mwenziwe hakuwahi kumwona. Kama si kule kuhamishwa kwa nguvu, ambako wazee wetu walikuona kuwa msiba, wawili wale wasingekutana maishani.

Lakini usidhani walielewana. Yule mtoto alikuwa na alama chache mno, na zote za kuamrishwa: kula, njoo, acha, chota maji. Kwao waliishi mbali na watu, mama yake alikuwa na kazi nyingi na hakuna aliyemwonyesha njia nyingine. Shangazi alimwuliza anaitwa nani, naye akakimbia kuchukua ndoo.

Basi alianza kuja kwetu. Msimu ule tulikaa barazani tukichambua pamba, safi upande huu, fifi, ile chafu, upande ule, bakuli la michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga katikati, na mikono ikipumzika kuchambua ndiyo ilisema. Mwanzoni mtoto aliiga tu. Kisha siku moja, bila kuelekezwa, akamwambia Shangazi kwamba mwenyekiti amekalia pamba yenye miiba, na Shangazi akacheka mpaka akamwaga karanga. Baada ya hapo hakukamatika. Alama ambayo Shangazi aliifanya kwa mikono miwili, yeye aliikata akaifanya kwa mmoja. Akaanza pia jambo ambalo nyumbani kwetu hatukuwa nalo: anamweka mtu hewani upande wa kulia, mwingine kushoto, kisha anaonyesha kidole tu pale alipomweka, nawe unajua anamsema nani. Shangazi alilishangaa jambo hilo. Baada ya muda na yeye akawa anafanya hivyohivyo, na sisi sote tukafuata.

Jambo moja tu lilikuwa halijatulia. Mtoto alikuwa anatoroka. Rimu ikigongwa na mama yake akiinama shambani, yeye anakata pori peke yake kurudi kwenye mahame yao, nyumba yao ya zamani ambayo mgambo walikuwa wameiezua paa. Njia ilipita kwenye korongo, na fisi walikuwapo, hata mchana walionekana. Aliletwa na wachungaji, akapigwa, akarudi tena. Siku moja mama yake alikuja kwetu ameshika kamba ya kufungia ndama.

"Mayu," alimwambia Bibi, "mwanangu nitamfunga. Nimechoka kumtafuta. Fisi atamla huko."

Bibi akamwuliza yule mama, mtoto anafuata nini kule. Yule mama akakaa chini. Akasema kwamba kila akimfuata anamkuta mlangoni, ameweka michembe juu ya jani, anaangalia njia. Anamngoja baba yake. Baba yake alikufa mwaka uliotangulia, na watoto wote wa ukoo walipelekwa kwa ndugu siku ya mazishi, kama ilivyo kawaida, na waliporudi wenzake waliambiwa kwa maneno. Yeye alikuta baba hayupo. Kisha watu wakabeba vyombo wakahama, na kwa akili yake baba akirudi atakuta nyumba tupu wala hatajua pa kuwafuata. Bibi akamwuliza kwa nini hajamwambia. "Nimwambie kwa alama zipi?" alisema yule mama. "Mimi najua kumwita na kumfukuza tu."

Shangazi alikuwa anatutazama midomo. Nilimtafsiria yote. Akaichukua ile kamba mkononi mwa yule mama, akaiweka darini, na kesho yake tukaenda kule watatu, yeye, mtoto na mimi.

Ilikuwa kiangazi, minyaa peke yake ndiyo ya kijani. Mtoto alikwenda moja kwa moja mlangoni akakaa. Baba yake hakuwa upande ule kabisa. Alikuwa amezikwa zizini, kama wenye kaya walivyozikwa zamani, na ng'ombe walipoondoka nyasi ziliota juu ya mboji, usingejua pana mtu. Shangazi alimkalisha zizini akiangaliana naye. Kwanza alimsimulia habari za babu yangu. Akamweka hewani upande wa kulia, akamfanya acheke, ale, achunge, kisha alale mgonjwa, kiganja kifuani kikipanda na kushuka. Kisha kiganja kikasimama. Shangazi alikiacha vile kwa muda mrefu. Halafu watu wakachimba, wakamfunika, na Shangazi akakibonyeza kiganja chake ardhini.

Mtoto akauliza kama babu aliamka. Shangazi akamwambia hapana. Akauliza kesho je. Hapana. Ndipo Shangazi akavuta kidevu chake, alama ambayo mtoto mwenyewe alikuwa ametupatia kwa ajili ya baba yake mwenye ndevu, akamweka baba yule upande wa kushoto, akarudia yote bila kupunguza, hadi kukibonyeza kiganja pale walipokaa.

Mtoto alitazama mahali pale. Kisha mikono yake ikauliza, polepole, "Mama anajua?"

"Anajua."

"Kwa nini hakuniambia?"

"Hakuwa na mikono," Shangazi alimjibu.

Mtoto akalia. Nilikuwa sijawahi kusikia sauti yake, na sitaki kukuelezea ilivyokuwa. Shangazi hakuisikia, lakini alikuwa amemkumbatia na nadhani aliipata kifuani. Nilitamani nisiwe na masikio.

Hakutoroka tena. Na asubuhi iliyofuata mama yake alivuka njia, hata salamu ya mwangaluka ilimtoka kwa shida, akamwomba Shangazi, kupitia mimi, amfundishe kwanza jinsi ya kusema pole. Alikuwa na mikono mizito ya jembe, akakosea, binti yake akamrekebisha vidole kimoja kimoja. Mpaka mavuno yaliyofuata, upande ule wa kijiji ulikuwa na nyumba nne au tano zinazosema kwa mikono, na watoto waliocheza nasi walisemezana hivyo hata viziwi wakiwa hawapo.

Vile vijiji havikudumu. Amri ilipolegea, watu walirudi mmoja mmoja kwenye mashamba yao ya zamani, na hakuna aliyewalaumu, kwa maana udongo mzuri ulikuwa huko. Yule mama naye alirudi kwenye minyaa yake. Binti, ambaye sasa alikuwa kigori, akawa anakata pori lilelile kuja kwetu, na Shangazi anampikia. Wazungumzaji wengine walikua wakaona haya, wakaacha. Kisha binti akaolewa mbali, Bukundi, kwa wafugaji, na Shangazi akafariki bila kumwona tena. Siku hizi vijana viziwi nawaona stendi wanasemezana lugha ya shuleni, pana, yenye wenyewe nchi nzima, na ninafurahi kwa moyo wote. Siielewi hata chembe.

Nilikwenda Bukundi mara moja kumwona. Nilimkuta mama mtu mzima, watoto wake wema, na wote wanamwonyesha alama zilezile: kula, njoo, acha, chota maji. Aliponiona alibana ncha ya sikio. Nikaanza kuzungumza, naye akaitazama mikono yangu kama mtu anayesoma kwa taabu, kisha zake zikaanza kurudi, alama kwa alama, mpaka tukawa tunasengenya wafu. Tulizungumza kutwa. Nilipofunga kanga kuondoka alinishika mkono, akauliza kesho azungumze na nani. Gari langu lilikuwa barabarani linapiga honi. Yeye hakuisikia, akaendelea kungoja jibu.