Mbegu Zangu na Punda wa Oknos

Mume wangu alisoma Kigiriki kwa mapadri kule Butembo, na katika yote aliyofundishwa, kilichobaki kichwani mwake ni mzee mmoja aitwaye Oknos. Huyu Oknos yuko kuzimu. Amekaa chini anasokota kamba ya majani makavu, na nyuma yake amesimama punda jike anayeila ile kamba kadiri inavyotoka mikononi mwake. Anasokota, punda anakula. Basi, hadithi imekwisha. Hakuna vita wala mfalme, na Wagiriki wakaona inafaa kuchorwa ukutani.

Nimeisikia mpaka imenikifu. Wageni wakila samaki niliyemweka kwa ajili ya Jumapili: Oknos. Mvua ikibomoa matuta niliyoyatengeneza shambani: Oknos. Na huyasema hayo akiwa kitini, ameshika kikombe cha chai niliyoipika mimi. Mara ya kwanza nilimwuliza kwa nini huyo mzee asigeuke akamfunga punda. Akasema hadithi haiendi hivyo. Nikamwambia basi anastahili kukaa huko huko kuzimu. Akanieleza eti duniani Oknos alikuwa mchapakazi, ila mkewe alitapanya kila alichochuma, na punda ndiye huyo mke. Nyumbani kwetu anayechapa kazi ni mke, lakini hilo halijawahi kumsumbua mume wangu.

Nimekodi kiwanja Mubuku, kwenye skimu ya umwagiliaji, na napanda mpunga. Kiwanja cha kukodi si cha kuchezea. Msimu uliotangulia nilichelewa kupanda kwa sababu ya malaria, nikasamehewa. Safari hii mwenyekiti wa mfereji wetu aliniambia mbele za watu kwamba zamu ya maji ikipita na kwangu hakuna mpunga, kiwanja anapewa mwingine. Wa kukipokea walikuwepo, tena wamesimama pale pale wakinisikiliza. Chakula chetu cha mwaka mzima kinatoka katika kiwanja hicho.

Wiki hiyo hiyo shangazi wa mume wangu akafika. Alikuwa amekimbia vita kwao, juu milimani upande wa Butembo, akavuka mpaka pale Mpondwe na bunda moja la nguo, akapumzika siku chache kwa ndugu walioko Bwera, kisha akaletwa kwetu Rukoki, hapa Kasese. Mama mtu mzima, mkimya, rozari haimtoki mkononi. Mimi ni Mtooro, lugha yao naibabaisha tu, kwa hiyo mimi na yeye tulielewana kwa Kiswahili. Wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi sikumpa, nilimwonea huruma. Afadhali ningempa, kwa sababu mgeni asiye na kazi huitafuta mwenyewe.

Mbegu za mpunga haziendi shambani zikiwa kavu. Unaziloweka, unazitoa majini, unazivundika ndani ya gunia bichi mpaka zitoe vijimeno vyeupe, ndipo unazimwaga kitaluni. Zangu nilikuwa nimezichagua kwa mkono, suke kwa suke. Nikaliacha gunia nyuma ya nyumba kivulini, nimelifunika kwa majani ya migomba, nikaenda Mubuku kuzibua mfereji.

Niliporudi alasiri nilikuta mbegu zote zimetandazwa juu ya turubai katikati ya uwanja, jua la Kasese linaziwakia. Vile vijimeno vilikuwa vimenyauka vyote. Shangazi ameketi kando na fimbo, anafukuza kuku, uso umejaa furaha.

"Mama, mupunga yako ilikuwa imelowana," akaniambia. "Ilianza hata kuota. Nimeianika, isioze. Nimeigeuzageuza tangu asubui."

Kwao wanalima viazi na maharage. Mpunga wanaujua sahanini.

Nilipiga kelele ambazo majirani wananikumbusha hadi leo. Mume wangu akatoka ndani, akatazama turubai, akatikisa kichwa, na alichosema unakijua. Oknos! Siku hiyo ndipo nilipoona kazi ya hadithi yake. Nikamsimulia shangazi yote, polepole asikose neno, mzee na kamba na punda, kisha nikamwambia: mimi ndiye ninayesokota, na wewe ndiye unayekula. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Nimesikia, mama," akasema.

Jioni hakugusa chakula. Alisema ameshiba. Kesho yake alikunywa chai tupu, akashiba tena. Mume wangu akawa ananitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeanika mbegu, na hapo nikazidi kuwaka. Mbegu zimekufa, kiwanja kinaondoka, na sasa mgeni ananigomea chakula ili Rukoki nzima ione jinsi nilivyo mbaya!

Aliyeniokoa ni jirani yangu wa kule shambani, mama mmoja Mwislamu ambaye mumewe anaendesha lori la kwenda Bwera. Kitalu chake kilikuwa na miche mingi kuliko eneo lake lilivyohitaji. Kwetu Mubuku miche inayobaki haiuzwi, inagawiwa, ila lazima uing'oe mwenyewe na uipande siku hiyo hiyo kabla mizizi haijakauka. Kwa hiyo nilihitaji mikono. Mume wangu ana shule, anafundisha. Asubuhi nilipofungua mlango shangazi alikuwa amesimama nje, kitenge amekifunga magotini.

Alikuwa hajawahi kukanyaga tope la mpunga maishani mwake. Alianguka mara mbili. Mistari yake ya kwanza ilipinda, nikaing'oa nikaipanda upya mbele ya macho yake, na kuanzia hapo ikanyooka kuliko yangu, jambo lililoniudhi pia. Tulifanya hivyo siku tatu. Jirani alipompa muhogo wa kuchemsha aliupokea kwa mikono miwili na kuula wote. Chakula changu tu ndicho kilichomkuta ameshiba.

Siku ya tatu mchana tulimaliza. Mwenyekiti akapita juu ya tuta, akatazama miche, akaitikia kwa kichwa, akaenda zake. Kiwanja kikabaki changu. Nikafungua chakula, wali na maharage, nikajaza sahani na kumpelekea shangazi aliyekuwa anaosha miguu mferejini.

"Shangazi, kula. Nakuomba."

Akapangusa mikono kwenye kitenge. Akauangalia ule wali, halafu akaniinulia macho.

"Hii haiko ya mbegu?" akauliza.

Hakuwa ananisuta. Alitaka tu kujua, asije akala tena kamba yangu.