Hatamu Zinazoteleza

Kila Ijumaa baada ya kanisa, kwani huku ndiyo siku ya mapumziko, tulikusanyika katika chumba cha madereva, nyuma ya mazizi, kwa sababu kilikuwa na televisheni kubwa na kiyoyozi kisichonguruma. Wengine hapa Al Rayyan, kando ya Doha, siku hiyo hutazama mpira. Sisi tulitazama farasi.

Mimi ni wa chumba cha matandiko katika kituo hiki cha farasi. Kila ngozi anayovaa farasi hupita mikononi mwangu: nafuta jasho, natia mafuta, nakagua nyuzi. Mdogo wangu wa mwisho ni mtunza farasi hapa hapa, huwapanda pia asubuhi kuwanyoosha miguu, na mimi ndiye niliyemtafutia nafasi. Pamoja nasi alikuwa dereva wa lori la farasi, Mganda, ambaye huniita nyabo, kama wanavyomwita mwanamke wa heshima kwao. Wa mwisho alikuwa mlinzi wa geti, Mkenya mwenzetu, aliyeingia siku moja kutafuta karak, chai nzito ya maziwa na iliki, na tangu hapo hakosi.

Mashindano tuliyoyapenda ni yale makubwa ya Ulaya yanayokwenda siku kadhaa. Kwanza farasi hutembezwa uwanjani kwa madaha, kama gwaride. Mwishoni huruka miti myepesi inayoanguka ikiguswa. Lakini siku ya katikati ndiyo tuliyoisubiri: mbio za nyikani, magogo yasiyosogea, mitaro, na kingo ndefu ambazo farasi huruka kushuka mpaka ndani ya maji.

“Huyo wamemfunga mdomo kama gunia la viazi,” mlinzi alisema Ijumaa moja, akionyesha mkanda wa puani wa farasi mwekundu.

“Mwamuzi amepima kwa vidole kabla hajaingia,” dereva akajibu. “Vikikataa kupita chini ya mkanda, anarudishwa.”

“Vidole vya nani? Vyako hivyo kama ndizi?”

Tulicheka. Mdogo wangu hakucheka. Tangu asubuhi alikuwa kimya, na mimi nikidhani ni joto.

Farasi mwekundu akafika kwenye ukingo. Aliruka, akaning'inia hewani, na mpandaji akajilaza nyuma mpaka mgongo wake ukakaribia kiuno cha farasi. Hatamu zikarefuka mikononi mwake, zikarefuka tena, mpaka tukaona amebaki na ncha tu.

“Ameachilia!” mlinzi akaruka kutoka kwenye kiti. “Manze, huyo ameogopa, ametupa usukani!”

“Hajaachilia,” dereva akasema. “Tazama, bado anazo.”

“Kitu ni kushika au kuachilia, mzee. Hakuna cha katikati.”

“Kipo,” mdogo wangu akasema. Hilo lilikuwa neno lake la kwanza.

Aliondoka akaenda kwenye chumba changu cha matandiko, akarudi na hatamu nilizokuwa nimezipaka mafuta jana yake. Akanipa nizishike kwa mikono miwili nikiwa nimekaa, yeye akakamata upande wa lijamu, kile chuma cha mdomoni. “Dada, mimi ndiye farasi. Shika kama unavyoshika.”

“Farasi mwenyewe hajanyoa,” mlinzi akasema.

Mdogo wangu akainama ghafla, kama farasi anayeshusha kichwa akitafuta ardhi. Nilikaza ngumi. Nikang'olewa kwenye kiti nikaangukia magoti, na chai ya dereva ikamwagika yote.

“Umeona?” akasema, akiniinua. “Ungekuwa umeshapita juu ya masikio yake. Na mdomo wake umeuumiza. Sasa tena. Usitupe. Ziache tu ziteleze, halafu uzikusanye.”

Mara ya pili niliziacha. Ngozi ilipita katikati ya vidole, ya moto kidogo kwa msuguano, na kichwa chake kikashuka mpaka kikafika kilikotaka. Mimi nikabaki nimekaa.

Hapo ndipo aliposema. Mwalimu wa farasi, mama mmoja wa Kizungu, alikuwa ametengenezewa ukingo wa udongo nyuma ya mazizi, na alimtaka mdogo wangu ndiye amfundishe farasi jike mchanga kuruka kushuka, hali ya hewa ikipoa. “Nimemwambia nitamuuliza dada yangu kwanza.”

“Akasemaje?” nikamuuliza.

“Alicheka. Nikamwambia sitanii.”

Dereva akapunguza sauti ya televisheni. Nikasema nitamjibu, nikaondoka na hatamu mkononi.

Baba alitangulia, mama akafuata. Siku ya mazishi ya mama mjomba alisimama mbele ya watu akasema kuanzia leo mimi ndiye nimeshika hatamu za nyumba ile. Nilikuwa kidato cha pili. Neno lenyewe nililijua kwenye redio tu, wanasiasa wakitajwa kushika hatamu za uongozi. Hatamu ya kweli nilikuja kuiona Doha, nilipopewa ya kusafisha. Shule niliiacha muhula ule ule. Wadogo zangu watatu walivuka barabara nikiwa nimewashika mikono, na huyu wa mwisho nilimshika hata alipoanza kuona haya mbele ya wenzake. Sijutii. Nilichokuwa nacho cha kuwazuia wasipotee ni mikono hii.

Na tulikuwa tumetazama mbio hizi vya kutosha kujua zinavyoweza kwenda. Tuliwahi kuona farasi akipinduka kwenye gogo, na kamera ikageuzwa upande wa miti.

Sikumjibu wiki ile. Yeye hakuniuliza. Alinisalimia, alikula nilichopika, akaenda kuosha farasi wake. Angeweza kukubali bila mimi, ni mtu mzima mwenye ndevu zake. Aliendelea kungoja, na kungoja kwake kulinishinda. Ijumaa iliyofuata, tukitoka kanisani, nilimwambia.

“Fulana ya hewa uvae.”

“Nitavaa.” Ni fulana yenye kamba inayofungwa kwenye tandiko; ukianguka, kamba inavutika na fulana inajaa upepo kabla hujagusa chini.

“Kofia nitaikagua mimi. Na tandiko.”

“Nani mwingine ningemwachia?”

“Basi panda.”

Baridi ilipoanza, asubuhi moja tulitoka kutazama. Ukingo ulinifika kifuani. Kwenye televisheni ungekuwa kitu cha kupitwa bila kutajwa; pale, mbele ya macho yangu, ulikuwa mrefu kabisa. Dereva alikuja na glasi za karak. Mlinzi alikuwa zamu ya usiku lakini hakwenda kulala.

“Fulana ikilipuka tutadhani ni mtungi wa gesi,” alisema.

“Nyamaza, we,” dereva akamwambia. “Nyabo hapumui.”

Mwalimu akainua mkono. Mdogo wangu akageuza farasi, na kabla hajamwamsha aende, akanitazama. Nilitikisa kichwa kukubali.

Farasi alifika ukingoni, akasita, akachungulia chini. Kisha akashuka kwa mruko mkubwa kuliko uliohitajika. Mdogo wangu akalala nyuma. Niliziona hatamu, zile zile nilizozipaka mafuta, zikimtoka mkononi, zikirefuka, na farasi akanyoosha shingo mpaka miguu yake ikapata mchanga. Walikuwa wima wote wawili. Tatizo lilikuwa kuzikusanya: zilikuwa ndefu kama kamba ya kuanikia nguo, na farasi alishajua njia ya stoo ya majani. Walikwenda huko kwa mwendo wa furaha mpaka mdogo wangu akafanikiwa kumgeuza.

“Dereva mpya,” Mganda akapaza sauti, “breki zi wapi?”

“Sista,” mlinzi akasema kwa upole.

“Nini?”

“Mkono wangu. Unauvunja.”

Nilikuwa nimemkamata juu ya kiwiko, na alama za vidole zilibaki kwenye sare yake. Nikamwachia. Sikujua la kufanya na mikono, nikapokea glasi ya chai.

Mdogo wangu alirudi akitweta na kucheka. Mwalimu akamwambia jambo, akaitikia, akamgeuza farasi tena kuelekea ukingoni. Nilinyoosha shingo, nimeshajiandaa kumkubalia tena kwa kichwa.

Hakunitazama. Alitazama mbele, akambonyeza farasi kwa visigino, akaenda.