Dawa Isiyoshukuriwa

Mama yangu alikuwa msukaji wa mikeka hapa Munje, miaka ile ya hamsini, kabla hatujapata Uhuru. Nilipochumbiwa aliuanza mkeka wangu wa harusi, wa miyaa ya mkindu, myekundu na myeusi, akaapa kwamba siendi kwa mume na mkeka wa mkono mwingine. Hajafika hata nusu, vidole vikamvimba. Viungo vilijaa manundu kama tangawizi mbichi, na asubuhi hata kanga hawezi kuifunga. Nilimfunga mimi.

Baba alikuwa na mke wa pili, mwanamke wa Kikoneni, ambaye mimi nilimwita mama mdogo. Mama hakumpenda, na sitasema uongo hapa kwamba walikuwa kama ndugu. Walisalimiana kwa ajili ya baba, basi. Lakini dawa ya viungo alikuwa nayo huyo huyo. Alifundishwa kwao na bibi yake.

Asubuhi moja akaja mlangoni na kigae cha makaa na majani ya mbono.

"Hodi, dada mkubwa."

"Karibu. Umekuja kunicheka?"

"Nitakucheka ukipona. Lete mikono."

Aliyapitisha majani juu ya makaa mpaka yakalegea, akayapaka mafuta ya nazi, akamfunga vidole kimoja kimoja kwa vitambaa vya kaniki. Kisha akampa kikombe cha maji ya mizizi aliyoichemsha, machungu hata harufu yake inakunja uso. Mama akanywa, akafungua mdomo. Mama mdogo akauziba kwa kiganja.

"Usishukuru! Kwetu dawa haishukuriwi mpaka mtu apone. Ukishukuru kabla, umeifunga, haifanyi kazi tena. Ukipona utaniletea kuku, uniambie ahsante mbele za watu."

"Kumbe mimi nilitaka kusema ni chungu," mama akajibu.

Mama alikuwa mtu wa adabu. Hata ukimpa kijinga cha moto, atasema ahsante. Kwa huyu alikatazwa, na naona mwanzoni kukatazwa kulimpendeza.

Basi mama mdogo akawa anakuja kila asubuhi, nguo imelowa umande wa huko alikochimba. Kuna siku uvimbe ulipungua, mama akasuka kidogo, nami nikaanza kuuhesabu mkeka wangu kuwa tayari. Kisha uvimbe ukarudi vile vile. Mama alikwisha kutenga kuku, jike jeupe, na mama mdogo kila akimwona alimsemesha.

"Kuku wangu, unazeeka wewe."

"Na wewe unazeeka naye," mama humwambia.

Nikaja nikagundua kwamba vidole vikisha kufungwa dawa, mama mdogo bado amekaa. Wanamsema baba, wanacheka mpaka mama anajifuta machozi kwa hivyo vitambaa vya dawa.

Masika yale mama mdogo akashikwa na homa, wala haikumwachia. Mama alihamia chumbani mwake. Kitambaa cha kumpoza kichwa hakuweza kukikamua, nikakamua mimi, yeye akakiweka. Mgonjwa akamtazama mikono.

"Vipi vidole?"

"Bado."

"Basi usiniambie kitu."

Akafariki alfajiri.

Wanawake walipokwisha kumwosha na kumvika sanda, wakaita anayetaka kumtazama uso. Mama akaingia, akainama, akasema kwa sauti tuliyoisikia sote:

"Ahsante, mke mwenzangu. Kwa dawa, na kwa kuja kwangu kila siku. Ahsante."

Shangazi yake marehemu, aliyekuja kutoka Kikoneni, akamshika bega. "Mama wee, mbona umeshukuru na mikono bado hivi? Umeifunga dawa!"

"Najua," mama akasema. "Ningemshukuru lini?"

Yule kuku tulimchinja siku ya khitma.

Mbono mama mdogo aliuotesha mwenyewe nyuma ya jiko, na mti haukujua kwamba mwenyewe hayupo, ulizidi kutoa majani. Nikayachuma, nikayapitisha juu ya makaa kama nilivyomwona akifanya, nikampelekea mama. Akaiingiza mikono ndani ya kanga.

"Mama, majani ni yale yale."

"Nimekwisha kushukuru."

"Lakini yatakupunguzia maumivu."

"Nimesema nimekwisha kushukuru. Yaondoe."

Nikayaondoa. Harusi ilikuwa imekaribia, mkeka ukaniangukia mimi. Hata leo ukiupindua utaona ukili aliousuka mama unapokoma na wangu unapoanza, maana wangu umelegea. Nilisuka yeye amekaa ubavuni pangu, akiniambia kaza, kaza hapo, kaza tena, na mikono yake hakuitoa ndani ya kanga.