Mstari Usiachwe Wazi

Siku yangu ya kwanza kazini nilitaka maziwa, nikapewa kalamu. Nilifika kwenye kiwanda cha fromaji, ambayo vitabu vinaiita jibini, juu kule Nyamitaba, kwenye milima ya Masisi, mikono ya shati nimeshaikunja, tayari kukoroga pipa. Jeran wa kwanza, yaani msimamizi wetu, akanitazama viatu, kisha akanipa kaye, daftari kubwa lenye jalada gumu. "Wewe ulifikaka sekondari," akasema. "Utaandika." Nilikasirika siku nzima. Leo watu wanakuja hapa kwangu Mweso kuniuliza mtu anakuwaje mwandishi wa riwaya, nao hukasirika nikiwapa jibu la kweli: nilinyimwa kazi niliyoitaka.

Kazi ilikuwa hivi. Kila asubuhi wachukuzi waliteremka na bidoni zao, madumu ya maziwa. Nilitumbukiza ndani kipimo, kijiti cha kioo kinachoelea kwenye maziwa. Kikizama kupita alama, basi mtu amechota maji mtoni akiwa njiani. Halafu niliandika: jina, lita, kipimo, na pembeni safu ya maelezo, upana wa vidole vinne. Maziwa yaliyopita yalipashwa moto, yakatiwa prezire, dawa ya kuyagandisha, yakabanwa kwenye maumbo ya mviringo, yakalala ndani ya maji ya chumvi, kisha yakapandishwa mbaoni kukomaa na kugeuzwa kila siku. Hayo yote walifanya wenzangu. Mimi nilinukia wino.

Siku moja mchukuzi mmoja hakutokea, nami nikauruka mstari wake. Jeran akapiga kidole pale.

"Hapa iko nini?"

"Haiko kitu, Papa Jeran. Hakukuya."

"Mustari hawaiachake wazi. Kama hakuna maziwa, andika sababu gani hakuna."

Nikaandika: ng'ombe amezaa vibaya. Kesho yake, mwingine: amekwenda kilioni Kitshanga. Mwingine: amegombana na mkwe, na bidoni ni ya mkwe. Barabara ilikuwa ikifungwa kila mara, kwa hiyo ikafika wakati mistari isiyo na maziwa ikazidi ile yenye maziwa, nami nikazoea kuingiza maisha ya mtu ndani ya vidole vinne. Wanaoniuliza nilisomea wapi uandishi, ni hapo. Sina cheti.

Jeran wa pili alitoka Goma na mashine ya kupiga hesabu. Wiki ya kwanza alizipa namba kurasa zote kwa wino mwekundu. "Page ya kaye haing'okake," akatuambia. "Ikikosekana moja, njo wizi," yaani ndiyo wizi huo. Kisha akasoma safu yangu ya maelezo, akatoka nje akipunga kaye hewani kama anafukuza nyuki.

"Mimi nauliza litre ngapi, wewe unaniletea ndoa ya watu!"

"Papa Jeran, ile ndoa njo sababu ya litre."

"Andika absent. Basi!"

Absent, yaani hayupo. Kana kwamba mtu akikosekana hakuna zaidi ya hapo! Nikawa naandika absent kazini, na Jumapili baada ya misa naandika sababu nyumbani, kwenye daftari langu mwenyewe. Riwaya yangu ilianza kwa ukaidi tu. Wanaosema kipaji wasinichoshe.

Sasa Deo. Alikuwa wa kwanza kufika kila asubuhi, bidoni imezibwa kwa kitambaa cha buluu kilichopindwa ukingo vizuri. Kipimo hakikumkamata hata siku moja. Hatukuwa marafiki, alisalimu, nikampima, akaondoka. Wakati vita vinasogea, wachukuzi wakiwa wamebaki wachache sana, asubuhi moja hakuja. Nikaandika absent. Ya pili, absent. Ya tatu nilishika kalamu, mkono ukakataa. Neno absent lilinichukiza, na sababu hakuna aliyeijua: alitoka nyumbani na bidoni yake, hakufika kwetu, hakurudi kwake. Nikaacha mstari wazi. Siku ileile tukakimbia wote, kiwanda kikafungwa mpaka leo. Wenye akili walibeba magodoro. Mimi nilibeba kaye kichwani, na mke wangu hajanisamehe.

Hapa Mweso nilianza kumtafuta Deo kwenye karatasi. Nilimpa jina lingine. Nilimpitisha milimani, nikamshusha mpaka Walikale, ndani ya msitu, kwa kuwa wengi walikwenda kule kuchimba mawe ya madini. Mwishoni nilimwacha anatembea njiani. Sikujua zaidi, na sikutaka kujifanya najua.

Habari za kuchapisha zinanipandisha presha hadi leo. Kwenye sekretaria, kile kibanda cha kompyuta na fotokopi, moto, yaani umeme, ulikatika na sura tatu zikaenda nao. Mama aliyekuwa anapiga chapa akaniambia nishukuru hazikuwa nne. Mchapishaji wa Kinshasa alitaka picha yangu ya pasi, akaipata, akanyamaza. Wa Goma alikaa na karatasi zangu hadi nikadhani anafungia mikate. Kisha mhariri wake akanipigia simu.

"Papa, roman, hii riwaya yako, iko muzuri. Lakini mapenzi iko wapi? Na ule bwana, anaishia wapi? Lecteur, ule anasoma, anataka kujua."

"Ata mimi nataka kujua."

"Sasa Papa, wewe njo auteur, njo ulitunga. Amua!"

Nikaamua. Nilikuwa nimechoka, nilikuwa mzee, nilitaka kukiona kitabu kabla sijazikwa. Ndani ya wiki mbili nikampa yule bwana mwanamke wa Walikale, mkulima wa mihogo, mwenye kicheko kikubwa. Nikawapa nyumba karibu na mto, na watoto wawili. Mhariri akafurahi sana. Kitabu kikatoka, kwenye jalada kuna ng'ombe wa pembe ndefu ambaye hajawahi kukanyaga majani ya Masisi. Nililalamika kuhusu ng'ombe. Kuhusu mwanamke yule sikulalamika, na hapo ndipo nilipokosea.

Siku moja ya soko, mwanamke wa makamo aliingia uani kwangu, kitabu amekifunga ndani ya kitenge. Akakaa kabla sijamkaribisha.

"Papa Fromaji, mi njo bibi ya Deo, muke yake. Wamenisomea kitabu yako yote."

"Mama, ule wa mu kitabu haiko Deo. Ata jina iko ingine."

"Jina ulibadirisha. Kitambaa ya bleu haukubadirisha. Ile kitambaa nilishonaka mi mwenyewe."

Yeye akaendelea, sauti imetulia, maneno ameyapanga njiani.

"Ule mwanamuke wa Walikale, siko na neno naye. Batoto pia. Kama amezaa, basi iko muzima. Niambie tu kijiji. Nitaenda nimuone na macho, nirudi."

Nilimweleza. Nikasema riwaya ni kitu cha kutunga, mhariri alitaka mapenzi, yule mwanamke hayupo, mto haupo. Alinisikiliza kwa adabu, kama anavyosikilizwa mlevi.

"Wewe haudanganyake, Papa. Ulikuwa unaandika ata nusu ya litre. Watu walikuchukia juu ya ile."

Aibu ilinishika hadi masikio yakawaka moto. Nilimchukia mhariri, nikamchukia jeran na absent yake, na zaidi nikajichukia mimi, mtu wa kipimo, niliyetia maji kwenye maziwa. Nikaingia ndani, nikatoa kaye chini ya kitanda, nikafungua ukurasa wa mia moja na kumi na mbili. Nikamsomea mstari wa siku yake ya mwisho, maelezo nimeyabana kwa herufi ndogo ili jeran asiyaone: "Deo. Lita kumi na mbili. Safi. Anasema kesho atawahi, bibi anataka arudi mapema kupanda maharage."

"Soma tena."

Nikasoma tena.

"Maharage," akasema. "Nilipandaka peke yangu."

Akavuta kaye karibu. Kusoma hajui, lakini macho anayo. Kidole chake kikashuka mstari kwa mstari, kikasimama.

"Na hapa? Mbona iko wazi?"

"Njo siku ya tatu, Mama. Sikujua niandike nini."

"Andika."

"Niandike nini?"

"Andika: bibi yake anamungoja."

Nikaandika. Maneno yalienea ndani ya vidole vinne, wala hayakuzidi. Akataka nimsomee, nikamsomea. Ndipo nikaushika ukurasa ule mahali palipo na uzi, nikaung'oa, nikaukunja, nikampa. Aliuweka ndani ya kitenge. Kitabu changu alikiacha juu ya kiti, na sikumwita arudi kukichukua.

Watu huniambia sasa nimestaafu, nipumzike, au niandike cha pili. Mhariri naye anapiga simu. Sina jibu lake. Ila nina neno kwa jeran wa pili, popote alipo: Papa Jeran, page ya mia na kumi na mbili haimo tena. Usitafute mwizi. Niliing'oa mimi, na mstari wake haukuwa wazi.