Kofia ya Bwana Sumu

Mwezi uliopita nilivuka kwenda kisiwa cha Nosy Be kumwona dada yangu. Nilimkuta bintiye amelala kifudifudi na simu, anatazama shujaa mwenye joho akiruka juu ya maghorofa. "Mama mdogo, njoo uone!" Nikaenda, lakini kama kawaida yangu sikumtazama shujaa. Nilimtafuta adui, nione amevaa nini kichwani.

Ngoja nikueleze tabia hii nimeipata wapi, ingawa naona haya.

Tulilelewa na babu na bibi, mtaa wa Ampisikina, mjini Mahajanga, Madagaska. Nje tulisema Kimalagasi, ndani Kikomoro. Bibi alidarizi kofia, na sauti ya nyumba ile ninayoikumbuka ni sindano yake ikitoboa kitambaa, tok, tok. Harufu ilitoka kwa jirani yetu, aliyekaanga mokari, vitumbua vya nazi, kila asubuhi. Mchana alikodisha vitabu vya picha, amevining'iniza kwenye kamba kwa vibanio vya nguo. Vilivyochanika nilivigundisha mimi kwa uji wa wali, na kwa kazi hiyo nilisoma bure. Nilijifunza kuchora humo bila mwalimu, nikirudia mstari mmoja mpaka karatasi itoboke.

Kitabu kilichogombewa kilikuwa cha shujaa aliyeficha uso na kuulinda mji. Adui yake aliitwa Bwana Sumu, mtia sumu visimani. Alikuwa na ndevu nyeupe na kofia ya kudarizi. Kofia yetu ile ile, mpaka vijitundu vyake.

Wiki haikuisha. Babu alipotoka msikitini, watoto wa mtaani walibana pua. "Bwana Sumu huyo! Funikeni ndoo!"

"Leo nimechoka," babu akawajibu. "Sumu yenu naileta kesho."

Wakacheka, naye akacheka. Mimi niliwakagua mmoja mmoja, nikitafuta nani hakuwa anatania. Nikaanza kuwashuku hata marafiki walioniazima penseli.

Basi siku ya kugundisha nilichukua wembe, nikaikwangua kofia ukurasa baada ya ukurasa. Mahali pake nikachora nywele, unywele kwa unywele. Niliamini hakuna atakayejua.

Jirani alijua siku hiyo hiyo. Alisimama mlangoni kwetu na kitabu mkononi. "Mama, tazama kazi ya mjukuu wako! Kitabu changu hiki!"

Bibi aliweka sindano chini. Alifunua kurasa zote, nami nangoja kofi.

"Nywele umezichora vizuri," akasema. Kisha akageukia Kikomoro, jirani asielewe: "Babu yako naye aliivua kofia yake, mwaka ule. Walimjua vile vile."

Sikuuliza mwaka gani. Mama alikuwa bado mtoto mchanga mwaka huo, Wakomoro walipowindwa mjini, nyumba zikachomwa, na maelfu wakapelekwa visiwani Komoro. Babu na bibi walirudi baadaye, wakaishi kati ya majirani wale wale, wakisalimiana nao kila asubuhi.

Kamba ya vitabu haipo tena. Bibi hayupo, babu hayupo, na mokari nimejaribu kupika mara nyingi nikazitupa kwa sababu hazikuwa zile.

Adui kwenye simu ya mpwa wangu alikuwa na kipara, hana kofia. Nikashusha pumzi. Kisha nikamwomba mtoto asimamishe picha, nikauchunguza uso, nione kama unafanana na wa babu.