Nilivyomsifia Mke Wangu Punta Cana

Kampuni yenye hoteli anayofanyia kazi mke wangu hapa Doha ina hoteli nyingine Punta Cana, kule Jamhuri ya Dominika, na walimwuliza kama angependa kuhamia huko awe msimamizi wa vyumba. Alinipa habari hiyo akiwa anapiga pasi sare yake, kwa sauti ile ile anayonijulishia kuwa gesi imekwisha.

"Wewe ndiye msomi," akasema. "Nitafutie habari za huko, Ijumaa unieleze."

Tuliishi miaka mingi tukiwa mume na mke wa simu, yeye Doha, mimi Dar es Salaam nikisahihisha miswada ya watu. Sasa tuna chumba hapa hapa Doha, mtaa wa Najma. Zamani kilikuwa nusu ya sebule ya mtu, ukuta wake mmoja ni mbao na kiyoyozi chake kinakohoa, lakini tumo wote wawili. Sikutaka aende. Ila kumwomba mwanamke akatae cheo kwa sababu naogopa kulala peke yangu niliona ni jambo dogo mno kwa mtu mwenye shahada mbili. Nikauficha woga wangu ndani ya utafiti. Nitamweleza mazuri na mabaya, nilijiambia, na mabaya nitayatia chumvi kidogo.

Ijumaa baada ya sala akaingia jirani yetu wa upande wa pili wa mbao, Mkenya, mlinzi wa jengo la ofisi, ambaye huniita Mwalimu ingawa sijafundisha hata siku moja. Aliletwa na harufu ya pilau. Tukakaa mkekani, sinia moja, nikaanza.

Nilianza na historia, na hapo ndipo nilipoharibu. Nikaeleza kwamba zamani si nyingi pale palikuwa pori mpaka ufukweni, hakuna barabara ya maana. Watu wachache wakanunua ardhi ambayo hakuna aliyeitaka, wakajenga vibanda vya wageni, kisha wakagundua kuwa mgeni hana njia ya kufika. Basi wakajenga uwanja wa ndege wao wenyewe, wakauezeka kwa makuti.

"Uwanja wa ndege wa makuti?" jirani akauliza.

"Makuti. Wa kimataifa."

"Hapo umenipata. Endelea, Mwalimu."

Nikaendelea, maana mtu akiniambia niendelee sijui kukataa. Nikasema mgeni anashuka chini ya yale makuti na likizo imeshaanza hata begi lake halijatoka. Hoteli ikazaa hoteli. Nikawapa mchanga mweupe, minazi iliyoinamia maji, na mwamba wa matumbawe unaovunja mawimbi huko nje, hata mtoto anaoga bila kushikwa mkono. Nikasema mgeni hulipa mara moja tu, kisha hula na kunywa mpaka siku ya kuondoka.

"Mpaka siku ya kuondoka," jirani akarudia polepole. "Na hao watu hurudi kwao wakiwa wazima? Shemeji, uliza kama wanataka soja huko."

Nikaona mambo yananiendea kombo, nikaleta vimbunga.

"Vina msimu wake," mke wangu akasema. "Na hapa joto lina msimu wake."

Nilikuwa nimebakiza mwani, kama wakili anavyobakiza shahidi. Nikasema kuna miezi bahari ile hutapika mwani wa kahawia, ukaoza ufukweni, wageni wakaziba pua. Mke wangu ni mzaliwa wa pwani ya mashariki ya Unguja. Alicheka mpaka akarudisha tonge kwenye sinia.

"Mwani ndio wa kunitisha mimi? Mama yangu kanisomesha kwa mwani, bwana we."

Jirani alipokwenda lindoni alikuwa anauliza nauli. Mimi nikakusanya vyombo, nikauliza kama mtu anayeulizia hali ya hewa, "Basi utawajibu nini?"

"Nshawajibu. Siku ile ile waliyoniuliza."

Nikasimama na sinia mkononi.

"Niliwauliza kama pana pahala pa mtu na mumewe. Wakasema wafanyakazi hulala wanne wanne, wanawake kwao na wanaume kwao. Nikawaambia ahsanteni."

"Sasa mhadhara wote huu ulikuwa wa nini?"

"Nlitaka kujua nimekataa nini."

Nikakaa kitandani na sinia langu. Nilikuwa nimeandaa sentensi ya heshima ya kumruhusu aende, sentensi nzuri yenye nukta mkato katikati, na sasa haikuwa na kazi. Sijawahi kufurahi hivyo kupoteza sentensi.

"Na maji yake ni ya vuguvugu?" akauliza, ameshajinyoosha mkekani.

"Mwaka mzima."

"Pazuri," akasema, akafumba macho.

Nikaosha vyombo vyote, hata sufuria iliyoshika ukoko, ambayo siku nyingine ningeiloweka mpaka yeye aione huruma. Niliisugua taratibu, nisimwamshe.