Utepe wa Matembezi

Jumamosi wakubwa wa Iringa walitembea kwa miguu kutoka Ipogolo mpaka mjini, kuwachangia askari waliorudi vitani wakakosa pa kulala. Nami nilikuwemo, na magoti yangu bado yananikumbusha wema wangu.

Mlima ule si mchezo. Katikati karani mmoja alimwona kando ya barabara mzee mwenye koti la jeshi lililochakaa, yule anayelala barazani pale sokoni. Nani asiyemjua?

"Kamwene, mzee," akamsalimu Kihehe. "Hebu tubebee hili sanduku la vikombe."

Mzee akajitwika, akapanda kwa mwendo wa gwaride, akatuacha tukihema.

Mjini chai ilikuwa tayari. Mzee akatua sanduku, akapanga mstari nasi. Karani, aliyekuwa sasa anagawa chai, akamzuia kwa upawa.

"Chai ni ya waliotembea. Utepe wako uko wapi?"

Sisi wote tulikuwa tumebandikwa utepe mwekundu kifuani. Mzee akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa nishani yake ya vita, ikining'inia kwenye utepe uliopauka.

"Mimi nilitembea Burma," akasema.

Karani akaigeuza, akaitazama, akamrudishia kwa mikono miwili, kwa adabu kabisa.

"Huu si wa leo, mzee."

Basi tukanywa chai yetu, tukasikiliza hotuba. Msemaji alisikitika sana. Tatizo kubwa, alisema, ni kwamba askari hawa hawajulikani walipo.

Tukampigia makofi. Nyuma yake mzee alikuwa anaosha vikombe.